Majengo ya Kale ya Shule za Wasichana Nairobi: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Ukihudhuria mkutano wa wazazi au wa wasichana wa zamani katika shule yoyote kongwe ya Nairobi, hukosi kuambiwa kwamba kuta zimechoka, paa limezeeka na mabweni hayarekebishiki tena. Mara nyingi umri unasingiziwa tu. Jengo lililosimama miaka 70 huharibiwa na kazi iliyofanywa juzi: plasta ya saruji, rangi ya mafuta, grili za madirishani, vitanda vilivyoongezwa bila hesabu. Haya ndiyo yanayorudiwa sana, na ukweli wake.

“Shule ni ya mwaka fulani, basi majengo nayo ni ya mwaka huohuo.”

Kenya High huhesabu umri wake tangu 1910, lakini majengo yake ya Kileleshwa yalijengwa miongo kadhaa baadaye. Ni kawaida kwa shule kongwe: zilianzia penye nafasi, zikahama, zikajengewa upya, kisha kila serikali na kila mfadhili akaongeza chake. Vilevile si kila jengo la mawe lenye matao lilichorwa na msanifu majengo Herbert Baker. Yeye alihusika na shule ya Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, iliyofunguliwa 1931, na tangu hapo jina lake limebandikwa kuta nyingi asizozijua.

Hili si la wapenda historia peke yao. Jengo la miaka ya 1930 huenda lina chokaa kwenye viungo vya mawe, vigae juu na madirisha ya mbao. La miaka ya 1950 au 1960 huenda lina madirisha ya chuma na mabati ya asbesto. Dawa ya moja ni sumu ya jingine. Kabla ya kumwita fundi, tafuteni ramani za awali, someni jiwe la msingi la kila jengo, na mwandike umri wa kila bawa kivyake.

“Jengo la enzi ya ukoloni linalindwa na sheria.”

Umri haumlindi mtu wala jengo. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, jengo hulindwa pale Waziri, akishauriana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, anapolitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Bila tangazo hilo, bodi inaweza kuamka na kulivunja ikipata tu vibali vya ujenzi vya kawaida. Wanaotaka ukumbi wao ubaki waanze kufuatilia tangazo hilo mapema, trekta likiwa bado halijafika getini.

“Ukuta wa mawe ukianza kumomonyoka, upigwe plasta.”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mawe mengi ya majengo haya ni ya majivu ya volkano yaliyogandamana: laini, huchongeka kwa patasi, yana vitundu na hunyonya maji. Mvua ikinyesha hulowa, jua likitoka hukauka. Plasta ngumu ya saruji, au ile rangi ya mafuta inayopakwa hadi usawa wa kifua ili uchafu usionekane, huziba njia ya kukaukia. Maji yaliyoingia kupitia ufa mdogo au yaliyopanda kutoka ardhini hubaki ndani, yakabeba chumvi hadi nyuma ya plasta. Misimu michache ya mvua ikipita unaona unga mweupe, rangi inavimba malengelenge, na mwishowe plasta inaanguka ikiwa imeng'oa uso wa jiwe. Jiwe likishapoteza uso wake, humomonyoka haraka zaidi kuliko kabla ya “kutengenezwa”.

Anzeni na maji. Angalieni kama gata imetoboka, kama bomba la kushusha maji limeziba, na kama kitanda cha maua kimeinuliwa mpaka udongo ukapita ile tabaka ya kuzuia unyevu, ambayo kwa kawaida huwa sentimita 15 hivi juu ya ardhi. Ukuta uliolowa kwa sababu ya waridi za mwalimu mkuu hauhitaji fundi mawe, unahitaji jembe.

Yakishazuiwa maji, fundi akwangue viungo vilivyolegea kwa patasi na nyundo hadi kina mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue milimita 25. Grainda ni ya kukatazwa kabisa kwenye viungo vyembamba, maana diski hukata kingo za mawe. Vumbi litolewe, kiungo kiloweshwe, kisha kijazwe mchanganyiko wa saruji 1, chokaa 2 na mchanga 9, vyote vikipimwa kwa ndoo moja. Magunia mabichi yafunikwe juu kwa siku 3 angalau, hasa Januari na Februari jua linapochoma. Fundi atalalamika kwamba mchanganyiko huo ni dhaifu. Ndivyo unavyotakiwa kuwa: kiungo kikichakaa hukwanguliwa na kujazwa upya, lakini kiungo kikiwa na nguvu kuliko jiwe, jiwe ndilo hupasuka.

“Vigae vikivuja, dawa ni mabati.”

Kigae cha udongo cha aina ya Mangalore huharibika kwa nadra chenyewe. Kinachovujisha ni vitu vya kando: bonde la paa lililojaa majani ya mjakaranda, saruji ya mgongo wa paa iliyopasuka, fito iliyooza, na vigae vilivyovunjwa na miguu ya mtu aliyepanda kufunga antena. Mita moja ya mraba hubeba vigae 15 hivi, takriban kilo 40. Ukiviondoa ukaweka mabati, umepunguza sehemu kubwa ya uzito uliokuwa ukilikandamiza paa, na upepo unaweza kuliinua kama mbao hazijafungwa kwa vyuma kwenye ukuta. Halafu kuna kelele: mtihani wa kusikiliza ukifanyika ukumbini wakati wa mvua ya Aprili, hakuna atakayesikia neno.

Fundi apande kwa ngazi ya kulaza juu ya paa, asikanyage vigae vyenyewe. Vigae vizima vitolewe upande wa nyuma usioonekana vikajaze mapengo ya mbele, na vipya viende nyuma. Kazi hii ifanywe Agosti au Desemba mwishoni, shule ikiwa imefungwa, na kamwe isianzwe wiki mbili kabla ya mvua ndefu.

Penye asbesto hadithi ni nyingine. Wapo wanaosema kulala chini yake usiku mmoja ni kifo, na wapo wanaoikata kwa msumeno bila hata kitambaa puani. Hatari imo katika nyuzi zinazoruka mabati hayo yanapokatwa, kutobolewa, kuvunjwa au kusuguliwa kwa brashi ya waya. Yaliyo mazima yaachwe bila kuguswa hadi siku ya kuyaondoa, kisha yaondolewe na mkandarasi mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira: yaloweshwe, yafunguliwe skrubu bila kuvunjwa, yafungwe kwa plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Wanafunzi wasiwe shuleni siku hizo.

“Grili za madirishani zinawalinda wasichana.”

Hii ndiyo dhana inayoua, na inadumu kwa sababu hofu ya wazazi ni ya kweli. Shule ya Bombolulu, 1998: wasichana 26 walikufa kwa moto ndani ya bweni lenye madirisha ya vyuma. Shule ya Kyanguli, 2001: wavulana 67. Nairobi yenyewe iliguswa Septemba 2017, bweni la Moi Girls lilipoteketea usiku.

Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu wa 2008 hauna utata. Madirisha ya bweni yasiwe na grili na yafunguke kwa nje. Milango iwe na upana wa futi 5 angalau, ifunguke kwa nje, na isifungwe kutoka nje wasichana wakiwa ndani. Bweni liwe na mlango kila mwisho, na wa dharura katikati, ulioandikwa waziwazi. Ulinzi dhidi ya mtu wa nje huwekwa kwenye ua, taa na mlinzi, mbali na dirisha la mtoto.

Jibu la kawaida ni kwamba jengo la kihistoria haliwezi kutobolewa mlango wa katikati. Linaweza, tena bila kuliharibu sura. Chagueni dirisha lililo karibu na katikati, mbomoe ukuta ulio chini yake tu, na linta ya juu, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, ibaki ilivyo. Likiwa na upana wa futi 5 kazi imekwisha hapo. Likiwa jembamba, ukuta wa juu ushikiliwe kwanza kwa nguzo za muda, kisha linta mpya iingie ukutani sentimita 20 kila upande, mhandisi akiwa ameidhinisha vipimo. Mawe yaliyotolewa yawekwe alama na kuhifadhiwa stoo.

Kisha kuna vitanda. Mwongozo unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya mita 2. Tuchukue bweni la mita 24 kwa 6. Vitanda vya urefu wa mita 1.9 vikilazwa vichwa ukutani pande zote mbili, katikati hubaki mita 2.2, hapo pako sawa. Upande mmoja, vitanda 12 vya sentimita 90 na nafasi 11 za mita 1.2 vinamaliza mita 24 kamili. Pande mbili ni 24, toa kimoja mbele ya mlango wa dharura, vinabaki 23. Vikiwa vya ghorofa mbili, ni wasichana 46. Bweni la ukubwa huo likilaza 80, zile mita 1.2 zimeliwa, na mara nyingi njia ya katikati imeshapangwa masanduku. Hakuna ukarabati unaoweza kuitibu hesabu hiyo.

Na msidanganywe na neno kwamba mawe hayaungui. Kinachoungua ni godoro la sponji, ambalo moshi wake huangusha mtu kabla moto haujamfikia, pamoja na dari na mbao za paa. Majengo mengi ya zamani yana uwazi mmoja juu ya dari kutoka mwisho hadi mwisho, kwa hiyo moto wa chumba kimoja hupita juu ya vichwa vya walio mbali. Kuta za kugawa vyumba zipandishwe kwa mawe hadi chini ya vigae. Ni kazi ya likizo moja na haionekani kwa nje hata kidogo.

“Taa zinawaka, basi nyaya ni nzima.”

Waya wa zamani wenye ganda la mpira hukauka na kukatika ganda ukiukunja, huku taa ikiendelea kuwaka. Fundi aliyesajiliwa apime ukinzani wa ganda kwa volti 500, na kipimo kikishuka chini ya megaomu 1, laini hiyo izimwe. Mkosaji wa siku hizi ni shawa ya umeme ya papo hapo. Yenye wati 5,000 huvuta karibu ampea 21 kwa volti 240, na bado utaikuta imeunganishwa kwenye nyaya za taa bafuni. Kila shawa inataka waya wake mnene kutoka ubao mkuu wa umeme, swichi yake, na kikata umeme cha miliampea 30, kinachozima umeme unapovuja.

“Sakafu ya mbao za vipande imekwisha, tuweke tailsi.”

Huwa imelowa tu. Usafi wa Jumamosi wa ndoo na sabuni hupenyeza maji kwenye viungo, lami inayoshika vipande inaachia, mbao zinavimba na kuinuka. Toeni vipande vilivyoinuka mkiviandika namba kwa chaki, mkwangue lami ya zamani, vikauke kivulini, virudishwe kwa gundi. Kuanzia hapo ni ufagio na kitambaa kilichokamuliwa.

“Gesi ikivuja maabara, fungua madirisha ya juu.”

Fungueni yote, lakini gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kujaa chini ya meza. Maabara inahitaji matundu ya hewa usawa wa sakafu, mitungi ikae nje ndani ya kizimba chenye wavu, na vali moja kuu iwe karibu na mlango wa mwalimu. Harufu ikisikika, swichi ya taa isiguswe, hata ya kuzima.

“Tumechimba kisima, maji ni safi, tukiyachemsha hayana shida.”

Maji ya ardhini ya Nairobi mara nyingi yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kisizidiwe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiendi popote. Maji yakipungua kwa mvuke, inazidi kukolea. Meno ya kahawia ya wasichana wadogo ndiyo huanza kuonyesha. Pimeni maji maabara, kisha changanyeni na ya mvua. Kisima chenye miligramu 3, kikichanganywa nusu kwa nusu na maji ya mvua, hushuka hadi 1.5. Paa la vigae la mita 200 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, hutoa lita 1,600 hivi baada ya upotevu. Maji ya dakika za mwanzo yamwagwe, kwa kuwa yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi la kunywa liwe na bomba lake hadi jikoni na bwaloni, na bafu na vyoo viendelee kutumia ya kisima peke yake.