Nukta Mpya Pichani Bado Si Nova

Wiki hii nimeletewa tena picha ya anga iliyozungushiwa duara jekundu, na chini yake swali lilelile: "Nimegundua nova, niipeleke wapi?" Nova ni nyota hafifu inayong'aa ghafla kwa sababu ya mlipuko. Lakini nilicholetewa ni picha moja tu. Saa iliyopigwa haikutajwa, lenzi haikutajwa, wala hakuna picha ya usiku wa nyuma ya kulinganishia. Nimelijibu swali hili mtu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo nalijibu kwa wote.

"Haimo kwenye ramani ya nyota, basi ni nova."

Hapana. Mara nyingi ni kitu kingine kabisa. Kuna pikseli mbovu za kamera, ambazo usiku wa joto hung'aa kama nyota. Kuna nyota kali inayojiakisi ndani ya lenzi na kuacha nukta ya uongo upande wa pili wa picha. Kuna setilaiti iliyomulika mara moja ikazimika, na kuna asteroidi, yaani mwamba unaozunguka Jua, inayopita njia yake. Hata sayari zimewahi kupoteza watu: Machi 2018 mwanaastronomia mmoja alitangazia wenzake kwamba ameona kitu kipya king'avu karibu na nebula (mawingu ya gesi angani) za Lagoon na Trifid. Muda mfupi baadaye akalifuta tangazo. Ilikuwa Mirihi.

Wanaosumbua kuliko wote ni nyota badilifu za aina ya Mira. Hufifia kwa miezi hadi kamera yako isizione, kisha hupanda polepole, na usiku mmoja unaikuta nyota mahali ulipozoea patupu. Ukikuta kwenye orodha ya nyota kwamba papo hapo pana nyota nyekundu sana, usishangilie.

Basi fanya hivi. Piga picha, sogeza kamera kidogo, piga nyingine. Nyota ya kweli itahama pichani pamoja na jirani zake, lakini pikseli mbovu itabaki palepale. Kisha ingia kwenye huduma ya Minor Planet Center, kituo kinachoorodhesha asteroidi, uone kama kuna asteroidi mahali hapo saa hiyo, na kwenye VSX, orodha ya nyota badilifu ya AAVSO (chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota hizo), uone kama ni nyota badilifu inayojulikana. Halafu fungua picha zako za nyuma za eneo hilohilo. Naambiwa, "Nikichelewa nitatanguliwa." Kazi yote hii haizidi nusu saa, na ripoti iliyokaguliwa ndiyo inayofanyiwa kazi.

Tazama alivyofanya Yuji Nakamura wa Japani. Tarehe 18 Machi 2021 alinasa nyota ya mag 9.6 (mag ni kipimo cha mng'ao; namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi) katika kundinyota la Mke wa Kurusi, yaani Cassiopeia, kwa lenzi ya milimita 135. Alikuwa na picha nne, si moja. Tena aliweza kusema kwamba tarehe 14, kwa vifaa vilevile, mahali pale hapakuwa na kitu hadi mag 13. Sentensi hiyo kwangu ina uzito kuliko picha zenyewe, maana inaonyesha kwamba nyota imepanda kwa siku nne, jambo ambalo Mira haiwezi. Hata hivyo, hapo ilikuwa bado ni nova ya kudhaniwa tu. Uthibitisho ulikuja na spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake, iliyopigwa kwa darubini ya mita 3.8 ya Chuo Kikuu cha Kyoto. Kwenye spektra ya nova unaona mistari mipana ya hidrojeni, ule wa nanomita 656.3 ukiwa mbele, na upana wake unatokana na gesi inayorushwa kwa kasi ya mamia hadi maelfu ya kilomita kwa sekunde. Mwezi Mei nyota ile ilipanda hadi ikaonekana kwa macho matupu penye giza.

Ndiyo maana nasisitiza: pigeni maeneo yaleyale kila usiku ulio wazi, na msifute picha ambazo hazikunasa kitu.

"Nova ni nyota inayozaliwa." Jina la Kilatini, lenye maana ya "mpya", ndilo linalopotosha. Ni kibete cheupe, nyota kongwe, kinachovuta hidrojeni ya nyota mwenzake mpaka tabaka la juu lilipuke. Chenyewe kinabaki: nova iitwayo T Coronae Borealis ililipuka 1866 na ikarudia 1946. Kwa hiyo msiichanganye na supanova, mlipuko unaoimaliza nyota.

"Bila darubini kubwa huwezi." George Alcock wa Uingereza aligundua nova tano kwa darubini ya macho mawili, kwa kuwa alikuwa amehifadhi kichwani mpangilio wa maelfu ya nyota.

"Mitambo ya siku hizi imemaliza kazi." Mingi ya mitambo hiyo, yaani darubini zinazopiga picha za anga zenyewe, imetengenezwa kuwinda vitu hafifu, na nyota kali huizidi nguvu. Juni 2021, miezi mitatu baada ya ile ya Nakamura, Mjapani mwingine, Seiji Ueda, alitoa taarifa ya V1674 Herculis, mojawapo ya nova zilizofifia haraka kuliko zote zinazojulikana.

"Itaitwa kwa jina langu." Hiyo ni desturi ya nyotamkia. Nova ya Nakamura inaitwa V1405 Cassiopeiae, na jina la mgunduzi limo kwenye taarifa ya ugunduzi.

Mwenye duara lake jekundu usiku wa leo anitumie picha mbili, saa na lenzi, pamoja na picha ya mwisho aliyopiga hapo kabla nukta haijatokea.