Kuenea kwa wiki ndefu za kazi: maana yake, na kwa nini si wastani

Juzi tena, redioni. Mgeni wa kipindi alisoma wastani wa saa za kazi katika nchi moja, akaona uko chini ya 48, akamaliza hoja: "Hawa tatizo la wiki ndefu za kazi hawana." Mtangazaji akaitikia, wakahamia mada nyingine. Hoja hiyohiyo nimeisikia semina, nimeisoma magazetini, na safari hii nimeona heri niandike.

Wiki ndefu ya kazi, kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, ni ile ambayo mtu amefanya kazi zaidi ya saa 48. Kuenea kwake ni hesabu ya waliovuka mstari huo katika kila wafanyakazi mia. Zinahesabiwa saa zilizofanywa kweli, ovataimu ikiwemo, hata kama mkataba unasema vingine. Hiyo 48 ni saa 8 mara siku 6, kama ulivyoweka Mkataba Na. 1 wa ILO uliopitishwa Washington mwaka 1919. Wengine huuchora mstari mbele kidogo: OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, huanzia saa 50, na utafiti wa afya wa Shirika la Afya Duniani, WHO, na ILO uliotoka 2021 ulianzia 55. Basi, maana ni hiyo. Kinachowapoteza watu ni maneno mawili wanayoyatumia kana kwamba ni mamoja.

Wastani limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni wasat, katikati. Waliowahi kufanya kazi Muscat au Dubai wanamjua ndugu yake, wasta, yule mtu wa kati anayekufikishia shauri lako mahali ambapo peke yako usingepokelewa. Kiswahili kimelibakiza neno palepale katikati: mtu wa kimo cha wastani, maisha ya wastani. Ndiyo maana tukiambiwa "wastani wa saa 42", akili humchora mtu fulani aliye katikati ya wenzake, anayefanya saa 42. Hesabu haimjui mtu huyo. Imejumlisha, ikagawanya, basi.

Kuenea ni la Kibantu, na ndimo lilimotoka eneo. Kiatu kikikaa vizuri mguuni tunasema kimekuenea. Na shughulini, pilau ikishapakuliwa, utamsikia mama anayesimamia jikoni akiuliza kwa sauti: "Imeenea?" Hana haja ya kujua kila mgeni amepata mchele kiasi gani kwa wastani. Anachotaka kujua ni kama upo upande wa mkeka ambako sinia halijafika. Anauliza waliofikiwa. Tukisema kuenea kwa wiki ndefu za kazi, tunauliza kama yeye, ila hapa tunachofuatilia ni mzigo badala ya chakula.

Nitoe mfano wa geti ninalopita kila siku. Mlinzi wa mchana anaingia lindoni saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Ana chupa ya chai, redio ndogo, na kaunta buku la wageni ambalo mistari yake ya jioni huwa imepinda kuliko ya asubuhi. Hizo ni saa 72. Mwenzake hapohapo ni mtunza bustani, anayekuja asubuhi tatu kwa wiki, saa nne nne, jumla 12. Jumlisha: 84. Gawanya kwa wawili: 42. Katika uwanja ule hakuna hata mmoja anayefanya saa 42, na kwa hoja ya mgeni wa redio pale hapana tatizo, maana wastani haujafika 48. Ilhali nusu ya wafanyakazi wake wamo katika wiki ndefu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na ovataimu isiyozidi saa 50 katika wiki nne. Ukimpa mlinzi ovataimu yote inayoruhusiwa, bado hafiki 58.

Dunia nzima ina sura ya geti lile. Kabla ya korona, ILO ilikadiria wastani wa dunia kuwa karibu saa 44 kwa wiki. Wakati huohuo zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi walikuwa wanapita 48, na karibu mmoja katika watano alikuwa hafiki 35. Wastani uliwafunika wote wawili, aliyezidiwa na aliyekosa kazi ya kutosha.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Japani. Tangu miaka ya tisini wastani wao wa saa kwa mwaka umeshuka, hadi uko chini ya wa Marekani. Ukiishia hapo utadhani Wajapani wamepumzika. Sehemu kubwa ya kushuka huko imetokana na kuongezeka kwa wafanyakazi wa muda, wa saa chache, ambao waliuvuta wastani chini huku wa kudumu wakiendelea kubaki ofisini usiku. Ni nchi yenye neno lake la kufa kwa kazi, karoshi, na ilitunga sheria ya kuzuia vifo hivyo mwaka 2014, wastani ukiwa tayari umeshuka.

Uholanzi nako wastani ni mdogo kwa sababu karibu nusu ya wafanyakazi ni wa muda. Kwamba wiki ndefu hazijaenea huko ni kweli, lakini tunalijua hilo kwa kuwahesabu: katika jedwali la OECD wanaofika saa 50 hawakufikia hata mmoja katika mia, wakati Meksiko walikuwa zaidi ya robo.

Na sheria nayo isichanganywe na hali. Saa 35 za Ufaransa ni mahali ovataimu inapoanzia kuhesabiwa, na kazi huendelea baada ya hapo. Korea Kusini ilipopunguza kikomo chake kutoka 68 hadi 52 mwaka 2018, kikomo kipya bado kilikuwa juu ya 48. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya nayo inataja 52.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya ule utafiti wa 2021. Ulikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Kiharusi kinampata mlinzi aliyefanya saa 72. Zile 12 za mtunza bustani hazimpunguzii kitu.

Kwa hiyo, ndugu mgeni wa kipindi, namba uliyoisoma huenda ilikuwa sahihi kabisa, na isomwe. Ila ukishaisoma, kabla ya kusema nchi ile ina tatizo au haina, tafuta ya pili: katika kila wafanyakazi mia, wangapi wamepita 48?