Maana ya notisi, na kwa nini notisi si amri ya kuhama

Jirani yangu wa hapa Kayole, Nairobi, mzee mwenye vyumba sita vya kupangisha, alinionyesha ukurasa aliouchana kutoka kwenye daftari la shule. Ulikuwa umeandikwa kwa kalamu nyekundu na haukuwa na tarehe: "Hii ni notisi. Nakuamuru uhame leo kabla ya saa kumi na mbili jioni." Mpangaji wake hakuwa amelipa kodi kwa miezi mitatu, shilingi 4,500 kila mwezi, na kufuli jipya lilikuwa mezani, bado limo ndani ya karatasi ya dukani. Alitaka tu kujua kama barua imeandikwa sawasawa. Nilimjibu kwamba Kiswahili chake hakina kasoro, ila sentensi ya kwanza na ya pili zinapingana, kwa sababu anayetoa notisi haamuru na anayeamuru hahitaji kutoa notisi.

Nimeyasikia matumizi haya mara nyingi mno, kwa wenye nyumba, kwa makeateka (wasimamizi wa ploti) na hata kwa wapangaji wenyewe, ambao husema "nimepewa notisi" wakimaanisha kwamba wamekwisha kufukuzwa na kilichobaki ni kutafuta mkokoteni wa kubebea godoro. Notisi ni taarifa, kwa kawaida ya maandishi, ambayo upande mmoja wa makubaliano ya upangaji huupa upande wa pili kwamba makubaliano hayo yatakwisha siku fulani iliyotajwa. Ni hayo tu. Haifungi mlango, haitoi kitanda nje, wala haimpi aliyeiandika ruhusa ya kufanya lolote kati ya hayo kwa mkono wake.

Tukilichimbua neno lenyewe tutaona kwamba halikuwahi kubeba nguvu hizo tunazolitwika. Notisi tuliipata kutoka Kiingereza, nacho kikaipata kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kujulikana. Neno letu la zamani zaidi la jambo hilo hilo ni ilani, lililotoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu uwazi. Kinyume chake katika lugha hiyo ndicho kilichotupa neno siri. Kwa hiyo anayetoa ilani analitoa jambo sirini na kuliweka mahali ambapo mwenzake analiona. Kitenzi tunachokitumia kwa kazi hiyo ni kuarifu, na arifu, taarifa na maarufu ni watoto wa mzizi mmoja, mzizi wa kujua. Mtu maarufu ni mtu anayejulikana, na mpangaji aliyearifiwa ni mpangaji anayejua.

Amri ni ukoo mwingine kabisa. Mzizi wake umetuletea pia amiri, kama tunavyosema amiri jeshi, nao ni mzizi wa mamlaka. Mwenye amri ni yule ambaye neno lake linaweza kutekelezwa hata kama anayeambiwa hataki. Katika shughuli ya kumtoa mtu nyumbani, mwenye neno la namna hiyo ni mahakama, au jopo lililopewa uwezo huo na sheria, na si mwenye nyumba hata kama hati ya ploti ina jina lake na kila tofali alilinunua yeye. Mwenye nyumba anayo notisi na mahakama inayo amri. Baina ya hizo mbili pana safari, na lugha yetu ya mtaani imeifuta safari hiyo kwa kuyafanya maneno mawili kuwa moja.

Nadhani najua kosa hili lilikoanzia. Mkazi wa Nairobi hujifunza maana ya notisi kutoka kwa serikali kabla ya kujifunza kutoka kwa mwenye nyumba. Ameiona alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa jengo lililohukumiwa kuwa si salama, amesikia tangazo la kuwataka watu wahame, kisha ameona tingatinga. Basi akilini mwake karatasi na tingatinga vimekuwa kitu kimoja, naye mwenye vyumba sita akitaka barua yake iogopwe huazima sauti ya serikali, na wakati mwingine wino wake pia.

Sheria zenyewe za Kenya zinatofautiana kwa aina ya upangaji. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, na mpangaji wake hatolewi bila idhini ya jopo la sheria hiyo. Kutolipa kodi ni sababu inayokubalika, lakini jopo ndilo linaloipima. Sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa kosa la jinai kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame, na sijui usumbufu ulio wazi kuliko kung'oa mlango au kuondoa mabati ya paa. Duka, hoteli au kibanda cha chakula kilicho mbele ya ploti kina sheria yake, Sura ya 301, ambayo katika upangaji inaoulinda hudai notisi ya fomu maalumu inayoanza kufanya kazi si chini ya miezi miwili baada ya mpangaji kuipokea. Mpangaji akipeleka pingamizi kwa jopo kabla ya muda huo kwisha, notisi husimama mpaka uamuzi utolewe. Wenye ploti wengi huwaandikia mwenye duka na mwenye chumba barua ya aina moja, kisha wakashangaa ya dukani inapotupwa nje.

Chumba cha jirani yangu, kwa kuwa kodi yake imepita kiwango cha 2,500 na hakuna mkataba uliotaja muda, kinaangukia Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kifungu cha 57 kinasema upangaji wa namna hiyo unahesabiwa kwa kipindi ambacho kodi hulipwa, yaani mwezi kwa mwezi, na kwamba notisi ya kuukatisha isiwe fupi kuliko kipindi hicho, tena imalizikie siku ambayo kodi hulipwa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi. Siku hiyo ikifika na mpangaji bado yumo ndani, mwenye nyumba huenda mahakamani, hupata amri, na amri hiyo hutekelezwa na dalali wa mahakama, mara nyingi polisi wakiwapo kulinda usalama.

Dalali naye analeta mkanganyiko wake. Watu husema "nitamletea dalali" kana kwamba ndiyo njia nyingine ya kufukuza. Dalali mwenye leseni anayekuja chini ya Sheria ya Ukamataji Mali kwa Kodi, Sura ya 293, huja kuorodhesha na hatimaye kuuza mali ili kulipia malimbikizo ya kodi, na anaweza kufanya hivyo kwa sababu upangaji ungali hai. Akiondoka na televisheni na sofa, mpangaji amebaki mpangaji. Hii ni njia ya kudai deni. Kukidai chumba ni jambo jingine.

Sisemi haya kwa kuwa machungu ya mwenye nyumba mdogo siyaoni. Vyumba sita vya 4,500 vikilipwa vyote ni shilingi 27,000 kwa mwezi, na kutoka humo mzee huyu analipa maji, mtu wa taka na mkopo wa Sacco aliojengea choo kipya. Kwa mwaka mapato hayo yanapita shilingi 288,000, kwa hiyo kodi anayoipokea inatozwa kodi ya serikali, asilimia 7.5 ya anachopokea, kabla ya kutoa gharama yoyote. Kwa familia yenye jumba la ghorofa saba pale mtaa wa Pipeline, mpangaji mmoja asiyelipa ni tone. Kwa mzee huyu ni sehemu ya sita ya chakula chake. Anapomwona mpangaji akipita na mkate na maziwa ilhali yeye anakunywa chai ya rangi, naelewa kwa nini mkono wake unakwenda kwenye kufuli.

Ila kwa sababu hiyo hiyo namwomba asilichanganye neno. Leo anadai shilingi 13,500, na ushahidi wake hauna doa: daftari la kodi lina mistari mitatu mitupu na taarifa ya M-Pesa inalingana nalo. Siku atakapofunga mlango huku jiko, sare za shule na dawa za mtu zimo ndani, yeye aliyekuwa anadai anakuwa mshtakiwa, na mpangaji asiye na kodi ya mwezi mmoja anapata haki ya kudai fidia inayoweza kuzidi deni lenyewe. Nimewahi kukaa naye mtu mmoja aliyefikwa na hilo. Alirudia swali moja: "Lakini si nilimpa notisi?" Alikuwa amempa, kweli. Kilichokosekana ni amri, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwambia kwamba hivyo ni vitu viwili.

Basi tulikaa na mzee mezani tukaandika upya, kwa kalamu ya buluu. Siku hiyo ilikuwa tarehe 18 Machi, na kodi ya ploti hulipwa kila tarehe 5. Mwezi mzima ungetimia tarehe 18 Aprili, kwa hiyo siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 Mei. Tuliandika jina la mpangaji, namba ya chumba, deni na miezi yake, kisha sentensi ya notisi yenyewe. Mzee alikuwa tayari ameanza "Nakuamuru" kwa mazoea. Nilimwomba alikate, naye akalikata kwa mstari mmoja wa rula, akaandika juu yake: "Nakuarifu kwamba upangaji wako wa chumba namba 4 utakwisha tarehe 5 Mei." Aliisoma kwa sauti, akauliza kama haionekani laini mno. Nilimwambia kwamba ndiyo yote anayoruhusiwa kusema kwa sasa, na kwamba tarehe 6 Mei, ikibidi, nitamsindikiza mahakamani na nakala yake mkononi. Aliandika nakala ya pili, akaacha nafasi chini ya mpangaji kutia sahihi, akaenda kubisha hodi chumba namba 4.