Je, wajua kwa nini mgawaji hushinda mchezo wa 21 hata mkiwa wawili tu?

Jioni za Juni na Julai, baridi ya Uyole, jijini Mbeya, inapowaingiza watu ndani mapema, ndugu wawili wenye pakiti moja ya karata na bakuli la maharage wanaweza kucheza 21, mchezo ambao kwenye kasino huitwa blackjack. Mmoja hugawa na mwingine hucheza. Karata za 2 hadi 10 huhesabiwa kwa namba zake, J, Q na K kila moja ni 10, na ree huwa 1 au 11 kadiri inavyomfaa aliyeishika. Anayeikaribia zaidi 21 bila kuipita huchukua maharage.

Ajabu ni kwamba hata wote wawili wakifuata kanuni ya mgawaji, yaani kuongeza karata hadi kufikia 17 au zaidi kisha kusimama, maharage huhamia polepole upande wa mgawaji, na hapo ndipo mwenzake huanza kumshuku kuwa amechanga karata kwa ujanja. Sababu iko kwenye zamu. Mchezaji hutangulia, na akipita 21 dau lake huondoka papo hapo, kabla mgawaji hajafunua karata yake ya pili. Anayefuata kanuni hiyo hupita 21 karibu mara 28 katika 100. Kwa hiyo wote wawili wangepita karibu mara 8 katika 100, na mara hizo, ambazo zingestahili kuwa sare, zote ni za mgawaji. Mchezaji anayepewa ree pamoja na karata ya 10 tangu mwanzo hulipwa maharage 3 kwa dau la 2, lakini fidia hiyo huliacha pengo la takriban maharage 5 na nusu katika kila 100.

Kinachobaki kumwokoa mchezaji ni uhuru wake, kwani mgawaji hana hiari ilhali yeye huiona karata moja ya mgawaji kabla ya kuamua. Akiwa na 16 huku mgawaji akionyesha 6, asiongeze kitu: namba 8 kati ya 13 zitampitisha, wakati mgawaji mwenye 6 hupita 21 zaidi ya mara 40 katika 100. Mwaka 1956 askari wanne wa Marekani walichapisha hesabu kamili ya maamuzi ya namna hii, waliyoifanya kwa mashine za kukokotoa za mezani. Anayeyafuata yote, pamoja na kuongeza dau maradufu na kutenganisha jozi inapofaa, hulishusha pengo chini ya harage 1 katika 100.

Kwa nyumbani, hata hivyo, naona dawa rahisi zaidi ni kupokezana ugawaji. Pakiti ya karata 52 huwatosha watu wawili kwa duru saba au nane kabla ya kuchangwa upya. Inapochangwa, akabidhiwe yule aliyekuwa akicheza.