Kwa nini jua la asubuhi Mbeya ni tamu, na mbona utamu wake hauchelewi kuisha?

Pita soko la Mwanjelwa mwezi wa saba, saa 2 asubuhi, uone kinachowashangaza wageni kutoka Dar es Salaam. Upande mmoja wa njia watu wamebanana, upande wa pili hakuna mtu. Uliojaa ndio uliopata jua. Mama muuza parachichi kajifunga kitenge juu ya sweta, chai ya tangawizi mkononi, uso kauelekeza mashariki na macho kayafumba. Siku moja nilisimama mbele yake kumuuliza bei. Hakuitaja.

"Sogea kidogo mwanangu, umenizibia jua."

Nikasogea. Nilipopita tena saa 5 kasoro, mama yuleyule alikuwa kahamishia kigoda chini ya mwavuli, analalamika kwamba jua linachoma. Jua ni lilelile. Ule utamu umekwenda wapi?

Tuanze na baridi, maana bila hiyo hakuna utamu. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Halafu kiangazi anga huwa jeupe. Wingu ni blanketi; lisipokuwepo, joto ambalo ardhi ililikusanya mchana kutwa hutoroka usiku bila kizuizi. Usiku wa Julai mjini unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na kule kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, mita 2,600 hivi, watu huamka wakakuta sakitu, ule unyevu ulioganda kuwa barafu, kwenye majani.

Sasa jua linachomoza. Hewa nyembamba na kavu haiizuii sana mionzi yake, na mionzi haina haja ya kupasha hewa kwanza ndipo ikufikie: inatua kwenye ngozi moja kwa moja. Ndiyo maana shavu linaloliangalia jua linapata moto huku sikio la upande wa pili linaganda, na ukipiga hatua mbili tu kuingia kivulini unatetemeka upya. Hewa ya juani na ya kivulini hazipishani sana kwa joto. Kinachopishana ni mionzi.

Hayo ni ya mlima. Utamu wenyewe uko mwilini, na hapa kuna mtu wa kumtaja: mwanafiziolojia (mtaalamu wa jinsi mwili unavyofanya kazi) Mfaransa Michel Cabanac, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1971. Aliwaweka watu ndani ya maji, mara ya baridi, mara ya moto, kisha akawataka watumbukize mkono katika maji mengine na kusema kama wanaona raha au karaha. Aliyekuwa amepoa aliyafurahia maji ya moto mkononi. Mwili ulipozidi joto, maji yaleyale yakawa kero na ya baridi yakawa raha. Akapima na sukari pia: maji matamu, ukishayanywa ya kutosha, huanza kuchukiza. (Anayelazimishwa kikombe cha tatu cha chai ugenini hahitaji maabara kulijua hilo.)

Yaani utamu haukai ndani ya jua. Mwili unalinda joto la nyuzi 37 hivi kwa ndani, na chochote kinachourudisha hapo unakilipa kwa raha. Deni likiisha, malipo yanakoma. Jua likiendelea kumimina, mwili unageuza kauli: ondoka hapo.

Ngozi nayo ina pupa yake. Neva zake za joto hushtuka zaidi joto linapopanda. Likishatulia, nazo zinatulia. Kwa hiyo zile dakika za kwanza, mgongo ukiwa umeegemea ukuta uliopata jua, ndizo tamu kuliko zote, na huwezi kuzirefusha kwa kukaa zaidi. Ukizitaka tena, ingia kivulini upoe, utoke. Watoto wa shule wanalifanya hilo mapumziko mazima bila kufundishwa na mtu.

Kiswahili kinasema tunaota jua, tunaota moto, na usingizini tunaota ndoto. Sijui kama kuna aliyekusudia, ila mimi naona yanafanana: yote unayafanya umetulia, macho nusu yamefumba, na yote hukatizwa pale yalipokolea.

Saa 11 jioni nilipita tena. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa njia, na mama naye alikuwa amevuka na kigoda chake, parachichi kamwachia jirani amwangalizie. Macho kayafumba. Safari hii nikamzungukia kwa nyuma.