"Kachukua kwa Babu Yake": Dhana Potofu Kuhusu Subira Nilizochoka Kuzisikia

Kazi yangu ni ushauri nasaha hapa Unguja, na wengi wanaokuja kwangu ni wazazi na wanandoa. Kuna maneno nimeyasikia mpaka masikio yameota sugu: "Mimi sina subira, ndivyo nilivyoumbwa." Kama anayesema si mwenyewe, basi ni mama aliyemshika mwanawe mkono: "Huyu hana subira hata chembe, kachukua kwa babu yake." Babu mwenyewe kesha fariki, hawezi kujitetea.

Nayajibu hapa kwa maandishi ili nikiulizwa tena nimpe mtu asome, na mimi nipumue.

"Kukosa subira ni damu"

Sikatai kwamba watoto huzaliwa na tabia mbalimbali. Mama aliyezaa zaidi ya mmoja anajua: huyu akichelewa kunyonya hulia mpaka sauti ikakauka, yule hulala na njaa yake. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kwamba subira ama umepewa ama umenyimwa, ni mwendo mrefu, na ushahidi haufiki huko.

Mwangalie mvuvi wa Nungwi au wa Kojani. Hukaa baharini usiku kucha na mshipi mkononi, samaki asipokula anahamisha chombo na kuanza upya, wala humsikii kulalamika. Asubuhi yuko nyumbani, chai imechelewa kidogo tu, na nyumba nzima haikaliki. Huyu ana subira au hana? Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hufunga mbegu kwenye kamba wakangoja kiasi cha wiki sita, tena kazi yao yote inafuata bamvua, maji yakitoka ndipo waingie shamba. Sijamsikia hata mmoja akiyatukana maji kwa kuchelewa. Bibi huyohuyo akenda ofisini akaambiwa "kaa hapo utaitwa", nusu saa haijesha hamaki zimempanda. Damu ni ileile. Tofauti ni kwamba maji hayajamdanganya maisha yake yote, na ofisi imemdanganya mara nyingi.

Hapo wazazi waliosoma hunikatiza na kunitajia jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, la mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto mdogo huwekewa pipi laini mezani na kuambiwa: ukitaka kula, kula, lakini ukinisubiri mpaka nirudi nitakupa mbili. Miaka baadaye ikasemwa kwamba waliosubiri walifanya vizuri zaidi skuli. Basi watu wakaichukua habari hiyo kama ramli: mtoto akila pipi, keshakuwa mtu wa hasara. Mwaka 2018 watafiti wengine waliirudia kazi hiyo kwa watoto zaidi ya 900, na uhusiano ule ulionekana mdogo kuliko ulivyovumishwa. Walipohesabu na hali ya nyumbani kwa mtoto, ukapungua zaidi.

Utafiti ninaotaka kila mzazi aujue ni mwingine, mdogo tu, wa watoto 28, uliofanywa na Celeste Kidd na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rochester na kuchapishwa 2013. Kabla ya pipi, watoto waliahidiwa rangi nzuri za kuchorea, kisha vibandiko vizuri. Nusu yao waliletewa walichoahidiwa. Nusu nyingine mtu alirudi mikono mitupu: "Samahani, kumbe hatuna." Ndipo pipi ikawekwa mezani. Walioahidiwa wakapewa walisubiri wastani wa dakika 12. Walioahidiwa wakanyimwa walisubiri dakika 3. Ahadi mbili tu zilizovunjwa na mtu wasiyemjua, za vitu vya kuchezea, zilitosha kuleta tofauti hiyo.

Sasa tuhesabu ahadi za nyumbani kwako. "Nyamaza, nikirudi Darajani nakuletea." "Ijumaa nitakupeleka Forodhani." "Hitimu juzuu hii, baba atakununulia baiskeli." "Sikukuu hii utakwenda Mnazi Mmoja mpaka uchoke." Ijumaa inafika, mama ana shughuli ya harusi. Juzuu imekwisha, baiskeli haionekani. Mtoto huyo akiona kalimati anakula zote upesi kabla nduguye hajaja, unaniletea mimi nimtibu papara. Papara ipi? Mtoto amefanya hesabu sahihi kwa taarifa alizonazo: cha mkononi ndicho changu, cha baadaye hakipo.

Tena tuna tabia inayonikera kupita zote, nayo ni kuitumia "inshaallah" kama hapana ya heshima. Mtoto anaomba, mzazi hana nia kabisa, anasema "inshaallah mwanangu" na kugeuka. Kufika miaka mitano mtoto keshajua maana yake pale nyumbani kwao. Neno la kumkabidhi Mungu jambo tunaloliazimia tumeligeuza la kumtorokea mtoto. Abu Daud amepokea hadithi ya Abdullah bin Amir, ambaye alipokuwa mdogo mama yake alimwita, "Njoo nikupe," na Mtume (S.A.W.) yuko pale nyumbani. Mtume akamuuliza mama alikuwa na nia ya kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa, lau usingempa kitu, ungeandikiwa uongo. Huo ni uongo wa tende moja. Sisi tuna deni la baiskeli.

Kwa hiyo dawa yangu ni ileile kwa kila mzazi, na wengine wananicheka kwa kuirudia. Usiahidi usichokuwa nacho. Kama ni hapana, sema hapana na uvumilie kilio chake, kitakwisha. Kama ni ndiyo, mpe mtoto wakati anaoweza kuuona. Mtoto wa miaka minne hajui dakika kumi ni nini. Anajua "nikimaliza kukuna nazi hii", "ikishaadhiniwa alasiri", "dada akirudi chuoni". Anza na ahadi ndogo, ya muda mfupi, uitimize palepale, na kesho uongeze kidogo. Usimlipe kwa kusubiri. Malipo yake ni kwamba ulichosema kimekuwa.

Malezi ya jamii nayo yana mkono wake. Watafiti wa Ujerumani, kwa jaribio la kusubiri la aina hiyohiyo, walilinganisha watoto wa miaka minne wa kwao na watoto wa wakulima wa Nso, kule Kameruni. Kati ya watoto wa Nso, kiasi cha 7 katika kila 10 walisubiri mpaka mwisho. Wa Ujerumani hawakufika hata 4 katika 10. Watoto wa Nso wanalelewa kumsikiliza mkubwa na kutulia, na mkubwa naye anatarajiwa awe mkubwa wa kusikilizwa. Sisi hapa tunapenda sana ile nusu ya kwanza.

Watu wazima hawana tofauti kubwa na watoto katika hili. Mwaka 1985 David Maister, mtaalamu wa biashara ya huduma, aliandika kuhusu watu wanaongoja huduma, na mambo aliyoyataja ungedhani alikaa kwenye mabenchi yetu: kungoja usikojua mwisho wake kunaonekana kurefu kuliko kungoja unakojua, kungoja bila ya kuelezwa sababu kunachosha zaidi, na kungoja huku unaona wengine wanapitishwa mbele yako kunaonekana kurefu kuliko kungoja kwa haki. Mtu anayevunja foleni mahali ambapo foleni haiheshimiwi na wenye foleni yao si mgonjwa, kasoma mazingira. Mpe namba, mwambie daktari ataingia saa nne, na saa nne aingie kweli. Utashangaa "damu" ilivyotulia.

Na wanaonambia kwamba wao umeme ukizimika dakika kumi hupata wazimu, nawakumbusha kwamba mwaka 2008 Unguja ilikaa kiasi cha mwezi mzima bila ya umeme wa gridi, kisha kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ikakaa tena kiasi cha miezi mitatu. Walikuwapo, na walichota maji visimani kama sote.

"Nikipayuka ndiyo moyo wangu unatua"

Hautui, umechoka tu kwa muda. Mwaka 2024 watafiti wawili wa Marekani walichambua tafiti 154 zenye watu zaidi ya 10,000 na wakakuta kuitoa hasira kwa kelele au kwa kupiga vitu hakuipunguzi. Hata kukimbia ili "kuitoa" hakukusaidia. Kilichosaidia ni vitu vinavyouteremsha mwili: kuvuta pumzi taratibu, kulegeza misuli, kukaa kimya kwa utulivu. Waliofundishwa chuoni wanajua zamani: umesimama, kaa, umekaa, jilaze. Mume anayemfokea mkewe kila jioni halafu anasema "mimi sina kinyongo, nikishasema basi" anazungumzia moyo wake. Wa mkewe hajauuliza.

"Nimefunga, msinichokoze"

Kila Ramadhani nasikia hili, na kila Ramadhani barabara ya Mwanakwerekwe karibu na magharibi ni ya kuogopa, kila dereva anaukimbilia uji. Njaa, kiu na usingizi mchache kweli vinapunguza uwezo wa mtu kujizuia, hilo silipingi. Lakini mafundisho ya kusema "nimefunga" mtu anapokutukana ni kujikumbusha mwenyewe unyamaze. Sisi tumelifanya onyo kwa watoto na wafanyakazi. Ushauri wangu ni wa kijinga kwa wepesi wake: mazungumzo mazito ya pesa na ya ndoa yawekeni baada ya tarawehe, si saa kumi na moja jioni.

"Wapemba wana subira kuliko Waunguja"

Nimeambiwa na Wapemba. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo anayeupanda kweli si mtu wa pupa. Lakini mwende Wete msimu wa karafuu, uone. Karafuu zinatakiwa zichumwe kabla hazijafunguka, na zilizoanikwa mvua ikizikuta ni hasara. Wingu likitanda tu watu wanaacha chakula kinaungua, wanakimbilia majamvi. Subira na haraka ziko kwa mtu yuleyule, siku moja.

"Subira ni kunyamaza"

Hili ningeweza kuliandikia kitabu, lakini nitasema kidogo kwa sababu likinipanda silimalizi. Mwanamke anapigwa, anakwenda kwao, anaambiwa "subiri mwanangu, ndoa ni subira", anarudishwa. Mtoto anafanyiwa ubaya na jamaa, familia inakaa kikao na kutoka na neno hilohilo. Nabii Yaakub anatajwa kwa subira njema katika Suratu Yusuf, na katika sura hiyohiyo anawaambia wanawe wende wakamtafute Yusuf na nduguye wala wasikate tamaa. Alilia, alishitaki kwa Mola wake, na alituma watu. Anayekushauri usubiri bila ya kukwambia ufanye nini huku unasubiri hakushauri, anataka umpunguzie usumbufu. Mahakama ya Kadhi ipo, Dawati la Jinsia lipo polisi, vituo vya Mkono kwa Mkono vipo, cha Mnazi Mmoja na cha Chake Chake vikiwamo.

"Haraka yoyote ni ya shetani"

Haraka ya kila saa ina madhara, hilo kweli. Marekani walifuatiliwa vijana zaidi ya 3,000 kwa miaka 15, na waliokuwa na papara ya wakati kupita wenzao ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shinikizo la damu, kwa matokeo yaliyochapishwa 2003.

Lakini wanaoisoma hadithi ya "haraka ni ya shetani" kama ruhusa ya uvivu wajue kwamba wanazuoni waliiwekea mipaka. Hatim al-Asamm alitaja mambo matano ya kufanyiwa haraka: kumlisha mgeni, kumzika maiti, kumuoza binti aliyefikia, kulipa deni likifika wakati wake, na kutubu. Katika miaka yangu yote ya kazi hajaja mtu kunilalamikia kwamba ana papara ya kulipa madeni.

Mimi naongeza ugonjwa. Mtu mdomo umekwenda upande ghafla na mkono umelegea, hasubirishwi aone kama ataamka vizuri. Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu na uso uliovimba, hasubirishwi mpaka kupambazuke, wala mpaka mume arudi na boti ya kesho. Mgongeeni jirani mwenye gari usiku huohuo, na kama atanuna, atanuna.