Uzi wa kwenye paja hautolewi

Mzee mmoja alikuja kliniki hapa Moshi, wiki mbili baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo Dar es Salaam kwa kupitia ateri ya paja. Nilidhani ataulizia dawa. Yeye akashusha mkanda kidogo, akanionyesha kinena: "Daktari mwanangu, walinishona kwa ndani. Huo uzi mtautoa lini?"

Nikamwambia hautolewi, meku. Ni uzi wa polipropilini, aina ya plastiki, hauyeyuki. Nyama itaufunika, utabaki humo. Hakuridhika, na sikumlaumu. Hakuna aliyemweleza walimshona vipi bila kumpasua.

Mrija wa kawaida wa kupitishia katheta, ule mpira mwembamba unaofika moyoni, una kipimo cha 6 French, yaani milimita 2. Ukiuchomoa kwenye ateri ya paja umeacha tundu kwenye bomba lenye presha. Njia ya zamani ni kukandamiza kwa mkono dakika 15 hadi 20, kisha mgonjwa alale chali saa kadhaa mguu umenyooka. Bado naiheshimu njia hiyo. Haina gharama zaidi ya mkono wa mtu mvumilivu.

Kifaa cha kushona, kama Perclose, hupita juu ya waya mwembamba uleule uliotangulia kuuongoza mrija mshipani. Damu ikianza kuchuruzika kwenye kijitundu chake cha pembeni, unajua umefika ndani ya ateri. Unainua wenzo wa kifaa, kijiguu chake kinafunguka ndani ya mshipa. Unavuta taratibu mpaka kikwame kwenye ukuta. Ukisukuma kitufe, sindano mbili zinatoboa ukuta kutoka nje kwenda ndani, moja kila upande wa tundu, na kukutana na uzi uliokuwa ukizisubiri kwenye kijiguu. Ukizirudisha, zinatoka na uzi. Fundo limeshafungwa kiwandani. Kazi yako ni kuliteremsha mpaka likae juu ya ateri, kulikaza, na kukata. Aliyewahi kushona gunia la kahawa atanielewa, ila yeye huliona gunia. Sisi tunashona kwa vidole tu.

Tundu likiwa kubwa, kama la kuingizia valvu ya moyo, ambapo mrija huwa 14 French au zaidi, huwezi kusubiri mwisho. Vifaa viwili vinatangulizwa tundu likiwa bado dogo, kimoja kikielekea namba 10 na kingine namba 2 kwenye uso wa saa (nasema namba, si saa, tusije tukakutana saa nne usiku). Nyuzi zinaachwa bila kukazwa, tundu linapanuliwa, valvu inawekwa, ndipo mafundo yanakazwa. Ujerumani walilinganisha njia hii na kizibo cha kolajeni (protini inayoziba tundu bila kushona) kwa wagonjwa 516 waliowekewa valvu: matatizo ya mshipa yalikuwa asilimia 12.0 kwa uzi na 19.4 kwa kizibo. Faida nyingine naipenda zaidi: waya ukiachwa ndani hadi fundo likaze, fundo likigoma unaongeza kifaa kingine.

Lakini sindano hizo hazina macho. Ukuta wa mbele ukiwa umejaa chokaa, zinapinda au uzi haushiki. Ndiyo maana nasema mshono huamuliwa na mtoboaji, nusu saa kabla ya uzi kuguswa. Ukitoboa chini mno, unaangukia tawi jembamba la ateri. Ukitoboa juu mno, damu inavuja nyuma ya tumbo, paja likionekana zuri kabisa huku presha ikishuka. Mahali pake ni pale ateri inapopita mbele ya kichwa cha mfupa wa paja, na altrasaundi inapaonyesha kabla ya sindano kuingia. Anayetoboa kwa kubahatisha asije akakilaumu kifaa. Na pale mshipa wa mkononi unapotosheleza kupitishia katheta, paja liachwe.

Mzee alinisikiliza, kisha akaweka kidole kwenye kovu: "Kwa hiyo ningevimba njiani kwenye basi, ningebonyeza hapa?"

Nikakisogeza kidole chake juu, kama upana wa kidole kimoja, nikamwonyesha na binti yake aliyemsindikiza. Sindano huingia kwa mshazari, hivyo tundu la ateri liko juu kuliko tundu la ngozi. Basi lingesimamishwa, yeye angelala chali, binti angebonyeza hapo kwa nguvu bila kuachia hata kidogo kuchungulia, mpaka wafike hospitali iliyo karibu.